Isale Bila Neno

Mume wangu ni mhimilishaji. Kazi yake ni kuzalisha ng'ombe pasipo dume. Kuanzia Tengeru kupanda mpaka juu kabisa, pale migomba inapokutana na msitu wa Meru, ng'ombe akianza kulia kwa joto la kutaka dume, anayepigiwa simu ni yeye. Anafunga mtungi wa nitrojeni wenye mbegu zilizogandishwa nyuma ya pikipiki, anapanda mlima, anavaa glavu ndefu inayofika begani, na baada ya miezi tisa mtu anampigia tena kumshukuru kwa ndama jike. Watu wanamtania njiani: "Baba wa ndama wote, umeamkaje?" Naye hucheka. Mimi pia nilikuwa nacheka, mpaka nilipogundua kwamba wakishamaliza kumtania yeye hunigeukia mimi na kuniangalia tumbo.

Nyumbani kwao niliingia nikiwa bibi harusi, na mwaka wa saba nilikuwa bado bibi harusi. Mwanamke kwetu huitwa kwa mwanawe, na asiye na mtoto hana pa kuitiwa. Mama mkwe alikuwa akisimama mlangoni kwake asubuhi na kuita kwa sauti ya kufika mferejini, "Bibi harusi, njoo uchukue ndizi!" Nami natoka, mwanamke mzima, mvi zimeshaanza kuchungulia pembeni mwa kilemba, naitika. Kwa hilo sikumchukia. Nilimchukia kwa sababu ya mizizi.

Mizizi ililetwa kutoka upande wa pili wa mlima, kwa wafugaji, imefungwa kwenye gazeti. Inachemshwa mpaka maji yanakuwa meusi, na mama mkwe anakaa kwenye kigoda kunitazama nikinywa, maana aliwahi kusikia juu ya wake wanaomwaga dawa kwenye migomba. Nilikunywa. Nikaombewa na wamama wa jumuiya wakiwa wameniwekea mikono tumboni. Nikaenda mjini nikatolewa damu, nikapigwa picha, na mwisho nikafanyiwa kile kipimo cha kusukuma dawa kwenye mirija ya uzazi ili eksirei ionyeshe kama imeziba. Mwanamke aliyekipitia hahitaji kuelezwa. Nilipiga kelele mpaka muuguzi akanishika mkono. Mume wangu alikuwa kwenye benchi la koridoni akisikia yote, na nilipotoka alinipokea mkoba na kuninunulia soda.

Mirija ikaonekana iko wazi. Daktari wa pale akasema, sasa ni zamu ya baba kupimwa. Baba akasema mvua zimeanza, ng'ombe wanashika mimba vizuri, hana nafasi. Mvua zikaisha, akasema kiangazi barabara zina vumbi. Tulisukumana hivyo muda mrefu, mimi nikilia na kununa na kurudi kubembeleza, hadi alipokubali kwenda kwenye kliniki moja ya uzazi pale mjini Arusha. Alitoa sampuli, akaambiwa arudie, akatoa ya pili.

Siku ya majibu tuliketi mbele ya daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Hakuzunguka.

"Baba, kwenye sampuli zote mbili hatukuona mbegu. Sisemi kwamba ni chache au ni dhaifu. Hakuna hata moja."

Nilimtazama mume wangu. Nilikuwa tayari kumshika asianguke. Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Hata mimi nilipotazama sikuona kitu."

"Ulitazama wapi?" daktari akauliza.

Akaeleza, bila kuninyanyulia macho. Kazini kwao kuna hadubini ya kukagulia mbegu za dume zikishayeyushwa, kuona kama bado zinaogelea. Siku moja wenzake walipokuwa wametoka, alijifungia, akaweka ya kwake kwenye kioo, akaangalia. Akarudia siku nyingine. Mtu ambaye ametazama mbegu maisha yake yote hakuhitaji kuelezwa anachokiona.

"Lini?" niliuliza mimi.

Akamgeukia daktari.

"Nimekuuliza, lini?"

"Kabla ya kile kipimo chako cha mirija," alisema.

Nilitaka kumpiga. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: mkono ulininyanyuka kabisa, nikaukalia. Daktari alikuwa anaendelea kueleza, nami nikawa namsikia kwa mbali. Alisema wapo wanaume ambao mbegu hazitoki lakini ukifungua korodani kwa upasuaji mdogo, ukachukua vipande vya nyama na kuvichambua chini ya hadubini, unazikuta chache zimejificha. Ikipatikana hata moja iliyo hai, inachukuliwa kwa sindano ya kioo na kuingizwa ndani ya yai la mke. Kwa hiyo mke naye achomwe sindano kila siku ili mayai yakomae mengi kwa pamoja, na zianze mara hedhi ikiingia. Kuna kupata na kuna kukosa. Wakikosa, ipo njia ya kutumia mbegu ya mwanaume mwingine, na hilo tungelizungumza likifika.

Mume wangu akauliza maswali mengi, ya kitaalamu, vizuri sana. Mimi sikuuliza hata moja. Tulipotoka getini nikamwacha anawasha pikipiki, nikaondoka kwa miguu hadi mtaa wa Daraja Mbili kwa dada yangu.

Dada yangu alinisikiliza huku anachambua mchele. Nilipofika kwenye hadubini, aliweka ungo chini.

"Mganga hajigangi," alisema. "Lakini huyu wa kwako hata kujigusa aliogopa. Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Mwambie nimesema hivyo."

Mume wangu alipokuja kunifuata jioni ile, nilimwambia zaidi ya hivyo. Alikaa uani kwa dada, kofia ya pikipiki mapajani, akiomba msamaha kwa sauti ya chini ili wapangaji wasisikie. Hapo ndipo hasira ilinipanda upya. Hata msamaha alikuwa anauomba kwa siri. Nikamwambia nitachomwa hizo sindano zote, nitalala kwenye hicho kitanda, nitafanya lolote daktari atakalosema, kwa sharti moja. Atasema mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya mama yake, kwamba aliyekosa mbegu ni yeye na alijua. Kabla hajasema, sichomwi hata moja.

"Mama atakufa," alisema.

"Mbona mimi sijafa?"

Akaahidi. Wiki ikapita, akasema mama ana presha. Nyingine ikapita, akasema mama ana wageni. Sindano tulishazichukua, zilikuwa kwenye friji ya dada zimekaa jirani na maziwa mgando. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani, tunalala kitanda kimoja kama abiria wawili wasiojuana. Kila mara alipopita kwenda kwa mama yake kuchukua majani ya ng'ombe, nilikuwa natega sikio, na kila mara nilisikia wakizungumza habari za majani ya ng'ombe.

Kumbe mama mkwe naye alikuwa na mpango wake. Akaita kikao cha ukoo Jumapili, baada ya ibada. Alinieleza mwenyewe nikiwa nafua: wazee wanakuja kuzungumza jambo la mji huu. Hakusema jambo gani na sikuwa na haja ya kuuliza. Jumamosi ile hedhi ikaingia. Nikampigia daktari, akasema sindano ya kwanza ni Jumatatu asubuhi, ikipita hapo tusubiri mwezi mwingine. Nikamwambia mume wangu. Nikamwambia pia kwamba mwezi mwingine mimi sitakuwepo, na sikuwa natishia.

Jumapili ibada iliisha, ukaja mnada wa sadaka nje ya kanisa. Mama mkwe akanunua jogoo kwa shangwe, akishindana na mwenyekiti wa wazee wa kanisa, watu wakimpigia makofi. Nilijua jogoo yule ni wa wazee wa kikao. Nilimchinja mimi, nikampika mimi, na niliwahudumia mimi watu waliokuja kunijadili.

Tulikaa sebuleni kwa mama mkwe, vitambaa vyeupe vimetandikwa kwenye makochi. Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba mkwe, alikaa kwenye kiti chenye mikono. Shangazi mmoja alikuwepo, na mama mkwe, na mume wangu karibu na mlango. Mimi nilipewa stuli. Baba mkubwa akaomba sala ndefu, akasafisha koo.

"Sisi ni watu wa Mungu," alisema. "Hakuna atakayesema hapa habari ya mke wa pili. Lakini mji ukikosa mtoto unazimika. Mwanaume akibahatika mahali, mtoto ni wa ukoo, ataletwa, atalelewa hapa hapa na huyu huyu bibi harusi. Hilo si dhambi kubwa kuliko mji kuzimika."

Watu wote wakaangalia vikombe vyao. Nilimtazama mume wangu, naye akanitazama mara moja, akainuka, akatoka nje.

Basi, nikasema moyoni, amekimbia. Nilitega sikio nisikie pikipiki ikiwaka. Shangazi akaanza kunieleza kwamba hata yeye alilea mtoto wa namna hiyo na leo ndiye anayemjengea. Nilikuwa naitika "ndiyo, shangazi" na hesabu yangu yote iko kwenye friji ya Daraja Mbili.

Pikipiki haikuwaka. Alirudi. Mkononi ameshika jani la isale, amelikata kwenye uzio wa mama yake, amelifunga fundo. Akapita katikati ya sebule, akapiga magoti mbele ya stuli yangu, akaninyooshea jani kwa mikono miwili, kichwa chini, asiseme neno.

Isale ndilo lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani na makaburini. Kwetu mtu aliyekukosea akikuletea, umekwisha. Hurudishi. Watu wamesamehe damu kwa jani lile, na anayelikataa hubaki na laana yeye, si aliyekosa. Mume wangu alilijua hilo na mimi nililijua, na nilipomwona amepiga magoti kimya nilielewa hila yake. Alitaka nimsamehe mbele ya wazee kwa kosa ambalo hajalitaja. Angekuwa ametimiza sharti langu bila kulitimiza.

Lakini hakuwa amepiga hesabu ya mama yake.

Mama mkwe alisimama. Uso ulimng'aa kwa namna ambayo sikuwahi kuiona tangu niolewe. "Mungu ni mwema!" alisema, na shangazi akaachia kigelegele kimoja kabla hajajizuia. "Yuko wapi?"

"Nani, mama?" mume wangu akauliza kutoka pale chini.

"Mtoto! Ni wa kike au wa kiume? Kwa nini ulimficha muda wote huu?"

Ndiyo maana yake kwao. Mwanaume anapompigia magoti mke wake kwa isale, tena dakika hiyo hiyo wazee wamemaliza kusema habari ya mtoto wa nje, amekiri nini kingine? Nilimwona mume wangu, naapa, akifikiria kwa nukta moja kuuacha uongo ule ukae, kwa kuwa mama yake alikuwa na furaha.

"Mwanangu, pokea," baba mkubwa akaniambia kwa upole. "Najua inauma. Lakini jani halirudishwi."

Mikono yangu niliikalia, kama kule kwa daktari.

"Baba, sirudishi," nilisema. "Nakuheshimu. Lakini nimelelewa najua kwamba isale huja na jambo lake. Mtu huambiwa anasamehe nini. Huyu hajasema. Nasamehe nini?"

Shangazi alinitazama kama nimetukana. Baba mkubwa akajikuna kidevu, akafikiri, na nitamshukuru kwa hilo mpaka naingia kaburini.

"Amesema kweli," alisema. "Kijana, sema jambo."

Akamgeukia mama yake.

"Mama, hakuna mtoto," alisema mwishowe. "Hakuna mahali. Sina mbegu. Mimi. Nilijipima mwenyewe kazini nikajua, nikanyamaza. Nikamwacha anywe mizizi yako. Nikamwacha akapimwe mirija, nikakaa nje namsikia analia, na mimi najua hana kitu." Akavuta pumzi. "Yeye ni mzima. Siku zote alikuwa mzima."

Mama mkwe alikaa taratibu, akitafuta kochi kwa mkono. Nilidhani atamkana, au atanigeukia mimi na kusema nimemlisha kitu mwanawe, na nilikuwa na majibu yake tayari, makali, ya miaka yote. Akasema kwa sauti ndogo, "Ni yale matumbwitumbwi."

"Matumbwitumbwi gani?" baba mkubwa akauliza.

"Alipokuwa kidato cha pili. Alivimba mashavu, tukampaka masizi kama wanavyopakwa watoto. Halafu akavimba na huko chini. Alilia siku nyingi, hatembei."

"Na hukusema? Hata kwa marehemu?"

"Ningeanzaje kusema?" alijibu. "Ni sehemu za aibu."

Mume wangu alikuwa bado amepiga magoti. Nikalipokea jani. Sikuwa nimemsamehe, nisidanganye mtu. Mila iliniwahi, na mimi naifuata nyuma taratibu, bado sijafika. Lakini nilinyoosha mikono miwili nikalipokea, na Jumatatu asubuhi tulikuwa Daraja Mbili mbele ya friji.

Alitaka anichome yeye, kwa kuwa ni mtaalamu. Nikamwambia mimi si ng'ombe. Dada alicheka mpaka akakaa chini. Siku ya tatu nilimwachia, kwa sababu ukweli ni kwamba mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Alikuwa akinichoma tumboni na kupakandamiza kwa pamba, na mara nyingine machozi yanamdondoka kwenye mkono wangu. Sikumfuta. Mama mkwe katika siku zote zile hakuniita nikachukue ndizi. Zilikuwa zinaachwa mlangoni kwangu, na nikichungulia naona mgongo wake unaondoka.

Siku ya upasuaji tulimkuta mama mkwe kliniki, amefika kabla yetu. Hakuna aliyemwalika. Alivaa nguo ya Jumapili, chupa ya uji mapajani, amekaa kwenye benchi wima kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu.

Nilianza mimi. Walinitoa mayai nikiwa nimelazwa usingizi, nikaamka kwenye chumba kidogo kinachopakana na koridoni, mlango wameuacha wazi. Mume wangu alikuwa ameshaingizwa. Muuguzi aliniambia mayai yangu ni mazuri, yanasubiri. Nikauliza, yanasubiri mpaka lini? Akasema, yana saa zake. Nililala natazama mlango. Baada ya muda daktari akapita, nikamwita, akasimama kizingitini na kofia yake ya upasuaji.

"Upande wa kushoto tumechambua, hatujaona. Tunaingia wa kulia."

Akaenda. Niliomba, kisha nikaacha kuomba, kisha nikamtukana mume wangu kimoyomoyo, kisha nikaogopa Mungu asije akahesabu tusi badala ya sala. Nilifikiria mayai yale mazuri, yamekaa kwenye kisahani chumba cha pili, yanasubiri mtu asiyekuja. Mama mkwe alikuwa ameingia akasimama pembeni ya kitanda changu. Hakunishika. Alisimama tu, ameshika chupa ya uji.

Daktari aliporudi alikuwa amevua kofia.

"Tumepata," alisema. "Chache sana. Nyingine hazitembei, lakini ziko hai. Wameshaanza kuziingiza kwenye mayai."

Nililia kwa sauti, vile vile kama siku ya mirija. Kama mimba itashika au haitashika, hata leo ninapoandika sijui. Wamenirudishia mayai mawili tumboni na kipimo ni wiki ijayo. Siku ile mama mkwe alitoka nje bila kusema kitu, akarudi kwenye benchi lake, na kupitia mlangoni nilimwona ameinamia magoti yake akiomba, midomo inacheza.

Kando yake alikuwa amekaa mama mwingine wa umri wake, amemleta msichana aliyevaa pete mpya mpya na kuinamisha uso. Yule mama alisubiri kwa adabu mama mkwe amalize kuomba, akamsogelea.

"Pole, mwenzangu. Na wewe umemleta mkwe? Hawa mabinti wa siku hizi, wanakuja wameshaharibu matumbo huko."

Nilikaza shuka kwa mikono yote. Mama mkwe alifungua chupa, akajimiminia uji, akafunga.

"Hapana," alisema, kwa sauti ile ile ya kufika mferejini. "Mkwe wangu ni mzima. Nimemleta mwanangu." Akamgeukia vizuri. "Wa kwako ameshapimwa?"